Losheni ya Kalamaini na Dawa za Jikoni kwa Mtoto Aliyeumwa na Nyuki

Mwezi uliopita mwanangu wa miaka sita aliumwa na nyuki watatu chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Tabora, mji unaosifiwa nchi nzima kwa asali yake, lakini ambao wenyeji wake bado hatuafikiani kuhusu nini apakwe mtoto anayelia kwa uchungu wa nyuki. Kabla jua halijazama nilikwisha kushauriwa kutumia kitunguu, asali, siki, magadi, dawa ya meno na mafuta ya taa. Baadhi nilivijaribu, vingine nilivikataa, na kesho yake nikanunua katika duka la dawa chupa ya losheni ya kalamaini, dawa ya kupaka ya kutuliza mwasho. Tathmini yangu ni ya vyote hivyo, kwa mpangilio ule ule ambao mzazi atavihitaji.

Kilichomsaidia mwanangu kuliko vyote hakiuzwi dukani, nacho ni kutoa mwiba upesi. Mwiba wa nyuki wa asali una vijino kama vya chusa, ule mkuki wa kuvulia samaki, kwa hiyo hubaki ngozini pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu ndani hata baada ya nyuki mwenyewe kuanguka. Nilimbeba mtoto kwanza nikamtoa chini ya mwembe, maana nyuki akiuma huacha harufu inayokaribia ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wenzake. Nilipomgeuzia shavu kwenye mwanga niliona kijiti cheusi chembamba, na juu yake kichembe cheupe kilichokuwa kikitutuma kama kitu chenye uhai. Wengi tumefundishwa kwamba ni lazima kukwangua kwa kadi au kwa kisu butu, kwa kuwa eti kubana kwa vidole hukamua sumu yote; lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la kitabibu la Lancet ulionyesha kwamba namna ya kuutoa haileti tofauti, na kinachoongeza uvimbe ni kuchelewa. Niliutoa kwa kucha, kisha ule wa kidoleni. Wa tatu ulijificha nyuma ya sikio, sikuuona mpaka nilipokuwa namwosha kwa maji na sabuni, na hapo ndipo palipovimba zaidi.

Baada ya mwiba, sifa ninaipa baridi. Friji yetu haikuwa na barafu siku ile, nikakimbilia kwa jirani anayeuza barafu za ukwaju za vifuko, akanipa mbili. Nilikizungushia kifuko kanga iliyokunjwa mara mbili, kwani barafu tupu huweza kuunguza ngozi ya mtoto, nikamwekea kwa dakika kumi, nikapumzisha, nikarudia. Katika mzunguko wa pili alinyamaza, akauliza kama barafu yenyewe italiwa baadaye.

Mama mkwe wangu alifika na kitunguu maji kilichokatwa, akasema, “Mwanangu, mpake hiki, ndicho tulichowalelea ninyi nyote.” Kwa heshima yake, na kwa kuwa hakina madhara makubwa kwenye ngozi isiyo na jeraha, nilikisugua kidoleni peke yake. Baada ya nusu saa kidole kilikuwa sawasawa na shavu ambalo halikuguswa na kitunguu, isipokuwa kilinuka. Asali nayo ilinata, ikavuta sisimizi hadi kwenye shuka, na kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja nisingeithubutu kabisa, kwa kuwa mkono uliopakwa huishia mdomoni, na asali huweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa mbaya wa kulegeza misuli kwa watoto wachanga.

Siki na soda ya kuumulia, ambayo wengine huiita magadi, hutetewa kwa hoja kwamba huua ukali wa sumu. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu ya nyuki, ikiwamo melitini inayoleta maumivu, ni ya jamii ya protini, na tayari imeshaingizwa chini ya ngozi, mahali ambapo dawa ya kupaka juu juu haifiki. Kinachonitia hofu zaidi ni jina lenyewe: mtu akiambiwa “magadi” huenda akachukua yale magadi ya mabonge yanayolainisha maharage, nayo ni makali mno kwa ngozi ya mtoto. Dawa ya meno na mafuta ya taa nilivikataa papo hapo, kwani vyote viwili huwasha na kuchubua, na mafuta ya taa yakiingia mdomoni au kifuani ni hatari kubwa kuliko nyuki mwenyewe.

Sasa kalamaini. Siku ya pili uchungu ulikuwa umekwisha, ukaja mwasho, na mtoto akaanza kujikuna hadi nikaogopa kidonda. Losheni hii ya rangi ya waridi, ambayo msingi wake ni oksidi ya zinki, hutuama chini ya chupa, hivyo isipotikiswa vizuri utapaka maji matupu, kosa nililolifanya mara ya kwanza. Nilipaka kwa pamba, ikapoza ilipokuwa ikikauka, ikaacha ungaunga kama chokaa. Aliacha kujikuna kwa muda wa kutosha kulala. Haikupunguza uvimbe, haifai kupakwa karibu na macho, na mdomo wa chupa ni mpana mno, kwa hiyo nyingi ilimwagika kwenye foronya. Kwa mwasho wa usiku mbili tatu, hata hivyo, naiona ina thamani kuliko bei yake. Uvimbe ulipungua baada ya mfamasia kutupa dawa ya mzio ya maji, kipimo cha umri wake. Kwa maumivu tulimpa parasetamoli kwa kufuata uzito wake. Aspirini mtoto hapewi.

Hakuna kimoja kati ya hivi kinachofaa ikiwa midomo au ulimi wa mtoto unavimba, sauti inakwaruza, anapumua kwa kukoroma au kwa mluzi, anatapika, analegea, au vipele vinamtoka mwili mzima. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini hospitalini, na dakika hazimsubiri. Apelekwe hospitalini upesi vilevile aliyeumwa mdomoni au kooni, na aliyevamiwa na kundi, hata kama anaonekana mzima.

Chupa yetu imebaki theluthi moja, nimeiweka rafu ya juu kando ya kipimajoto. Kwenye friji, nyuma ya mboga, sasa kuna vifuko viwili vya barafu ya ukwaju ambavyo mwanangu anajua haviliwi.