Kabla ya kulipa, mtazame kisogo: mwongozo wa kununua askari wa mkusanyiko, yaani sanamu ndogo za askari

Muuzaji atakuonyesha uso. Picha za dukani karibu zote hupigwa kwa mbele: vifungo, bunduki, macho makali. Wewe omba picha ya kisogo. Askari wengi wa Ulaya wa karne ya 18 walifunga nywele nyuma kwa utepe mweusi, zikaning'inia kama mkia, na hapo ndipo utakapojua kama mchongaji alisoma au alibahatisha.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilinunua askari wa miguu wa Kiingereza, kibandiko chake kikisema Salamanca 1812, yaani vita vya Hispania dhidi ya Wafaransa wa Napoleon. Koti safi, bunduki safi. Kumgeuza, nakuta mkia umelala juu ya ukosi. Jeshi la Uingereza lilifuta mikia hiyo Julai 1808, kwa hiyo jamaa yangu alikuwa amemkwepa kinyozi miaka 4 mizima.

Basi shika tarehe chache kabla hujafungua pochi. Mwaka 1795 Uingereza ilimtoza kodi ya gini 1 (sarafu ya zamani ya Kiingereza) kwa mwaka kila aliyetaka kupaka nywele unga, na mwaka huohuo, nafaka ikiwa adimu, askari wa kawaida wakaachishwa unga. Mkia ulifupishwa mwaka 1804, ukakatwa kabisa 1808. Urusi ilikuwa imewakatia askari wake mwishoni mwa 1806. Mtego uko Ufaransa: vikosi vya kawaida vilinyoa polepole miaka ya mwanzo ya Napoleon, lakini magrenadia wa miguu wa Walinzi Wakongwe, kikosi chake teule, walishikilia mikia yao, na hereni za dhahabu masikioni, hadi vita vya Waterloo mwaka 1815, aliposhindwa kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo pale Waterloo, Mwingereza mwenye mkia ni kosa, na mlinzi mkongwe wa Napoleon asiye nao ni kosa vilevile.

Sasa mpangilio wangu. Ninapima nywele tu. Anayepima farasi au mizinga atapanga vingine.

Nafasi ya kwanza nawapa askari wa madini wenye kimo cha milimita 54 wanaouzwa vipande vipande, bila rangi, kichwa kikiwa kando. Kichwa kilichomiminwa peke yake kina nafasi ya kuchongwa pande zote, na mkia mara nyingi huja kama kipande chake cha kubandika. Zaidi ya hapo, kosa linatibika. Yule wangu wa Salamanca angekuwa wa namna hii, ningeuacha mkia kwenye boksi.

Ya pili itawashangaza wengi: askari bapa wa bati wa Kijerumani, wa milimita 30, wembamba kama sarafu. Wakusanyaji wa kwetu huwapita bila kuwatazama. Lakini bapa huchongwa akionekana kwa upande, na upande ndiko mkia, vikunjo vya juu ya sikio na ncha za masharubu huonekana vizuri kuliko popote. Ukifika Kulmbach, Ujerumani, ndani ya ngome ya Plassenburg kuna jumba zima la makumbusho yao. Simama mbele ya kabati moja utanielewa. Tena ni wepesi, jambo lenye maana kwa sisi tunaosubiri vifurushi vivuke bahari.

Ya tatu ni waliokwisha kupakwa rangi isiyong'aa, wa kipimo cha 1:30 (mara 30 wadogo kuliko mtu halisi), kama wa W. Britain, King & Country na John Jenkins Designs. Ni chaguo la mwenye mkono unaotetemeka, na ghali. Hapa chunguza rangi kuliko umbo. Nywele za unga hazikuwa nyeupe kama pamba. Zilikuwa na kijivu, na rangi ya asili ikichungulia chini. Fundi asiyejua humvika mtu kofia ya sufi.

Kundi hili ndilo lenye Wazulu wengi wa vita vya 1879 dhidi ya Waingereza, na ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Mwanamume wa Kizulu aliyeruhusiwa na mfalme kuoa alivaa isicoco: mviringo uliofanana na ngata ndogo, ila umeshonwa kwenye nywele zenyewe na kung'arishwa kwa nta. Kikosi cha Uthulwana, walioshambulia kituo cha Waingereza cha Rorke's Drift jioni ya Januari 22, walikuwa watu wazima wenye isicoco. Kikosi cha iNgobamakhosi, waliopigana nao Isandlwana siku hiyohiyo, walikuwa vijana ambao hawajaoa. Ukiona boksi la iNgobamakhosi na kila kichwa kina mviringo, rudisha rafuni. Kiwanda kimetumia kichwa kimoja kwa watu wa rika mbili, na rika ndiyo iliyokuwa msingi wa jeshi lile.

Ya nne ni vichwa vya resini, vile vikubwa vinavyoishia kifuani, ingawa vina nywele nzuri kuliko wote niliowataja. Unywele mmoja mmoja unahesabika. Ila kichwa si kikosi. Nunua kimoja, weka mezani, basi.

Plastiki naiweka ya tano. Kalibu yake ni ya chuma, mara nyingi vipande viwili vinavyofungana na kufunguka moja kwa moja, hivyo hakuna uwazi unaoweza kubaki kati ya mkia na mgongo. Mkia hugandamana na koti. Kwenye 1:32 kisu kikali kinaweza kuutenganisha. Kwenye 1:72 ni kiuvimbe tu, na brashi ndiyo itakayosema ni nywele. Kwa anayetaka askari mia kwa bei ya mmoja, sina ugomvi naye.

Wa mwisho ni wale wa zamani wa Britains, wenye uwazi ndani, waliotengenezwa kwa madini ya risasi tangu 1893 hadi miaka ya 1960. Nywele zao ni doa la rangi chini ya kofia. Nina kumi na mmoja na siuzi hata mmoja. Waweke mbali na watoto kwa sababu ya risasi, na ukikuta mtu amewapaka upya ili awape nywele nzuri zaidi, usinunue: rangi ya kiwandani ndiyo uliyokuwa unailipia.