Mita ya oksijeni ya bwawani: uliza kwanza umri wa kofia

Mita yangu ya kwanza ya kupima oksijeni kwa mwanga niliinunua Dar es Salaam, boksi halijafunguliwa, nikarudi nayo Hombolo, Dodoma, kifua mbele. Alfajiri ya kwanza ikasoma miligramu 6 za oksijeni kwa lita, yaani ya kutosha, na sato wangu wote wako juu ya maji wanatweta, midomo wazi. Niliwaamini samaki.

Ubovu ulikuwa kwenye kofia, kile kifuniko kidogo cheusi ncha ya kihisi. Ndani yake kuna rangi inayopigwa mwanga wa bluu, nayo inang'aa wekundu. Oksijeni ikiwa nyingi, ule wekundu unafifia upesi, na mita inapima kufifia huko. Rangi hiyo inachakaa, hata kofia isipotumika. Pakiti ya yangu ilikuwa na tarehe ya miaka mitatu nyuma. Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Mama, mita ni mpya kabisa, wewe si ndiye uliyeifungua?"

Kwa hiyo habari za skrini, betri na kutopitisha maji tafuta kwingine. Mimi napanga kwa kofia.

Namba moja ni YSI ProSolo yenye kihisi cha mwanga kiitwacho ODO, na sifichi kwamba naipendelea. Haina saa ya kukufungia kazi siku ya mwaka kutimia. Ikiwa bado inasoma vizuri, unaendelea nayo. Ila kofia yake inataka unyevu. Kwa ukavu huu wetu wa Agosti, ukiisahau juani pembeni ya bwawa, iloweke kwenye maji kama siku nzima kabla ya kuiamini tena. Mimi huitunza na kipande cha sponji mbichi.

Ya pili ni Hach, ile ya kihisi cha LDO101. Inapima vizuri sana, lakini inakuhesabia kofia siku 365, kama mwenye nyumba anayehesabu kodi. Hanna HI98198 ni ya tatu: ni rahisi kutumia, na nayo inataka kofia mpya kila mwaka.

Zote tatu zina kipima mgandamizo wa hewa ndani, na kwetu hilo si pambo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na huko juu hewa inagandamiza kidogo. Maji ya nyuzi joto 25 yanayobeba miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita pale pwani, huku kwetu yakishiba kabisa yanafika 7.2 hivi. Mita isiyojua hilo itakudanganya kila asubuhi.

Zile za bei rahisi zisizo za mwanga, za utando na maji ya dawa: unakorogakoroga kihisi ndipo kisome. Basi.

Sasa kofia ya akiba. Mita utaipata kwa bei ya ng'ombe watatu mnadani na tabasamu juu. Ukiulizia kofia, "tuagize, lipa yote kwanza", kwa bei ya dola ya siku hiyo, wanayoijua wao. Niliagiza moja, ikaja baada ya miezi miwili, tayari imekaa mwaka kwenye pakiti.

Siku hizi kabla ya kutuma hela naomba picha ya tarehe ya pakiti ya kofia, si ya boksi. Wauzaji wawili walinitumia picha ya boksi. Wa tatu aliisoma meseji, kimya mpaka leo.