Rafu ya juu ya meko majira ya baridi: ununue nini kwanza, uache nini dukani

Nyumba tuliyopanga Brooklyn Park, Minnesota, ina meko ya gesi ukutani, na juu yake rafu ya mbao yenye urefu wa kitanda. Kwetu Kilimanjaro nilikulia kwenye moto wa mafiga matatu, na juu yake kulikuwa na kichanja cha kuni na mahindi. Kupamba sehemu ya moto lilikuwa jambo geni kwangu, nami nikajifunza kwa kupoteza hela.

Mwaka wa kwanza nilibeba kila chekundu na kila cha dhahabu nilichokiona dukani. Zaidi ya dola mia zikaenda. Ilipofika tarehe 2 Januari rafu ilikuwa kama ukumbi wa harusi asubuhi ya pili, nikavishusha vyote. Ikabaki ubao mtupu, na theluji nje bado ina miezi mitatu ya kukaa.

Tangu hapo kila pambo nalipima kwa swali moja: litafaa Februari? Krismasi ni siku moja, baridi ya huku inaanza Novemba na inaweza kukushika hadi Aprili. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, na asubuhi halichomozi hadi karibu saa mbili. Mpangilio ninaoutoa hapa umefuata swali hilo, na ndiyo maana vitu vinavyouzwa sana vingine nimevitupa mkiani.

Kwanza futikamba na kipimajoto

Pima upana wa rafu. Nyingi ni futi 5 au 6. Koja la majani likitakiwa kuning'inia kidogo pande zote mbili, ongeza futi moja na nusu kila upande: rafu ya futi 6 inataka koja la futi 9, na bahati nzuri makoja mengi bandia huuzwa kwa urefu huohuo. La futi 6 kwenye rafu ya futi 6 huonekana kama suruali iliyomrukia mwenyewe.

Kisha washa meko saa nzima, uweke kipimajoto juu ya rafu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa meko ya gesi yana kioo mbele na moto wake unaonekana wa upole. Hewa ya moto inapanda na kulamba ukingo wa rafu muda wote. Kitabu cha maelekezo cha meko yako kina ukurasa unaosema kitu kinachoweza kuungua kikae umbali gani, usome huo kabla ya kununua chochote. Kanuni ya jumla ya wazima moto wa Marekani ni futi 3 kati ya chanzo cha joto na kitu kinachoshika moto. Ukiifuata kwa ukali utaona kwamba meko yakiwaka, koja linaloning'inia mbele ya mdomo wake halina ruhusa. Mimi huliacha lining'inie pembeni tu, na siku za kuwasha moto nalikunja lote juu ya rafu au naliondoa. Kama meko yako ni ya kuni na unayatumia kweli, ruka majani kabisa, nenda moja kwa moja kwenye namba tatu.

1. Koja bandia, lisilo na taa

Hela yako kubwa iwekwe hapa. Makoja bandia yako ya aina mbili, na tofauti yake huioni kwenye picha. La PVC limetengenezwa kwa karatasi ya plastiki iliyokatwa vipande vyembamba, bapa, vinavyong'aa kidogo. La PE ni la plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu lililochukuliwa kutoka kwa tawi halisi, hivyo kila jani lina unene wake na rangi mbili tatu ndani yake. Mengi yamechanganywa, PE kwa mbele na PVC kwa ndani kujaza, na hayo yanatosha kabisa. Boksi mara nyingi huandika. Lisipoandika, shika jani: la PE ni nene kidogo na linarudi ukilipinda, la PVC linabaki limekunjika kama karatasi ya pipi.

La PVC nimeona kwa dola 10 au 15, la PE zuri huanzia kama dola 40. Lakini la PE linakaa miaka, na kwa kuwa ni kijani tupu linaanza kazi Novemba na kumaliza Machi. Desemba nalichomeka matunda mekundu, Januari nayachomoa na kuweka koni za misonobari nilizookota bustanini. Koni mimi sinunui, ila nakwambia, watu wanalipa dola 8 kwa mfuko wa vitu vilivyojaa chini ya miti.

Kwa nini lisiwe na taa ndani? Kwa sababu taa hufa kabla ya koja. Sehemu moja ikizimika unabaki na futi tatu za giza katikati, na kuzichomoa nyaya zilizosokotwa ndani ya majani ni kazi ya wikiendi nzima.

2. Taa, na hapa nitakaa kidogo

Chukua za LED zenye mwanga wa njano ya moto, maboksi huandika "warm white". Nyeupe ya bluu inafanya sebule ifanane na wodi, na nje tayari kuna weupe wa kutosha.

Watu husema LED zinaokoa umeme. Ni kweli, ila tupige hesabu. Mnyororo wa taa 100 za zamani unakula kama wati 40, wa LED kama wati 5. Ukiwasha saa sita kila siku kwa siku 90, za zamani zimetumia uniti 21 na ushee, za LED hazifiki tatu. Kwa umeme wa senti 15 kwa uniti, tofauti ni chini ya dola tatu kwa msimu mzima. Hiyo haitoshi kununulia mkate mzuri. Sababu yenye uzito ni nyingine: taa ya zamani inapata moto, na wewe unaizungushia majani makavu juu ya meko. LED haichomi vidole.

Za betri au za kuchomeka ukutani? Kama soketi iko karibu, chomeka. Za betri hupendeza kwa kuwa hazina waya unaoning'inia, lakini seti inayotumia betri tatu za AA itataka nyingine baada ya wiki moja au mbili, na msimu ni wiki kumi na mbili. Nunua betri za kuchaji au ukubali kulisha taa kama mtoto mchanga. Kwa vyovyote iwe na taima. Zilizo nyingi zinawaka kwa muda wa saa 6 na kuzimika kwa saa 18: ukiziwasha mara moja saa kumi jioni, kila siku zitajiwasha saa hiyo na kujizima saa nne usiku.

Jambo moja kwa wenye watoto wadogo. Seti ndogo za bei rahisi hutumia betri bapa za mviringo kama sarafu. Mtoto akiimeza inaweza kumtoboa koo ndani ya saa chache. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 inataka kisanduku cha betri hizo kiwe kigumu kwa mtoto kufungua, kwa mfano kwa skrubu. Taa zilizokaa stoo ya mtu tangu zamani, au zilizonunuliwa gulioni, huenda hazina hiyo skrubu. Ziache.

Na angalia lebo ya UL au ETL, alama za kuonyesha kifaa kimepimwa usalama, kwenye waya. Isipokuwepo, rudisha rafuni hata kama ni dola 3.

3. Vitu vizito visivyoungua

Hapa ndipo rafu inapopata sura yake, na ndipo sisi tuna mali kuliko majirani. Shaba na mawe. Dele la kahawa lililotoka Zanzibar, vinara vya shaba, bakuli za mawe ya Kisii: mawe hayo ya sabuni hayashiki moto, na kuna watu wanaojengea majiko kwa mawe ya jamii hiyohiyo. Dele likisimama upande mmoja juu ya koja la kijani, mwanga wa taa ukaligusa ubavuni, huhitaji mapambo mengine upande huo. Kama huna, maduka ya mitumba ya Goodwill huwa na shaba kwa bei ya soda mbili tatu. Chukua sumaku: ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi.

Vinara vitatu vya urefu tofauti vinapendeza kuliko vinne vya urefu mmoja. Ndani yake weka mishumaa ya betri. Ya nta halisi iliyotiwa taa ndani inadanganya jicho, ya plastiki tupu haidanganyi mtu. Mshumaa wa moto siupendekezi kwenye rafu hii hata kidogo. Desemba ndio mwezi ambao mishumaa inachoma nyumba nyingi zaidi Marekani, na mmoja ukiwa karibu na koja hausubiri uanguke. Pia nta halisi, hata ile ya mishumaa ya betri, italegea rafu ikipata joto sana. Rudi kwenye kile kipimajoto.

Vikapu vya ukili, vipepeo vya kupepea na mikeka midogo ni mizuri mno, ila ni majani makavu. Itundikwe ukuta mwingine.

4. Majani mabichi

Harufu yake haina mpinzani. Minnesota ina msonobari wake wa asili, balsam fir, na masoko ya wakulima huuza makoja na mashada yake kuanzia katikati ya Novemba. Kuna pia vilele vya misprusi, jamii ya misonobari, vinavyokatwa kwenye vinamasi vya kaskazini mwa jimbo hili, ambavyo wenyeji huchomeka kwenye vyungu vya barazani pamoja na vijiti vyekundu vya kichaka kiitwacho dogwood.

Tatizo ni hewa ya ndani. Hita ikifanya kazi usiku kucha, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na tawi nalo hukauka vivyo hivyo. Juu ya meko tawi ninalipatia wiki mbili, tatu likiwa na bahati. Baada ya hapo ni kuni zilizopangwa vizuri. Kwa hiyo nanunua matawi machache tu, nayaweka kwenye jagi la maji upande ulio mbali na moto, wiki ya Krismasi. Kipimo chake: pinda jani, likivunjika "ta", siku yake ya kutoka imefika. Na kama una paka au mtoto anayetambaa, usilete holi wala mistleto halisi, mimea ya Krismasi yenye vitunda. Vile vitunda vina sumu.

5. Kioo

Cha mitumba, chenye fremu, kiegemezwe ukutani nyuma ya vitu vyote. Kinaongeza taa mara mbili bure. Sina zaidi.

6. Soksi na vishikio vyake

Watoto watazitaka, utanunua. Kishikio cha kukaa juu ya rafu ni kipande cha chuma, na mtoto akivuta soksi kinamshukia kichwani. Tafuta kile kinachobana ubao kwa skrubu. Kulabu za kunata nazo zina mipaka: kwa kawaida hazishiki kwenye tofali, na zile zinazojulikana zaidi zimeandikwa zitumike kati ya nyuzi 10 na 40 za Selsiasi. Chini ya rafu ya meko yanayowaka, nyuzi 40 zinapitwa mapema sana.

Vya kuacha dukani

Nyuzi za fedha zinazomeremeta, theluji ya kupuliza kwa kopo (kuitoa kwenye tofali utatumia mswaki), maneno ya mbao yaliyoandikwa "JOY", na chochote chenye mwaka juu yake.

Lini ununue

Mwenye subira anunue koja na taa kuanzia tarehe 26 Desemba. Siku hiyo maduka makubwa, kuanzia Target, huanza kwa nusu bei, na mapambo huendelea kushuka hadi Mwaka Mpya upite. Ujanja ni kwamba vyenye sura ya Krismasi ndivyo vinavyoshushwa, na koja la kijani tupu mara nyingi limewekwa humohumo. Mimi nilipata langu hivyo, na lilikuwa na kazi bado ya miezi mitatu msimu uleule.

Jirani yangu Mwislamu kutoka Mombasa hana Krismasi wala soksi, ila koja na taa anazo. Ramadhani sasa inaangukia Februari, kwa hiyo taa zake zinawaka tangu giza la Desemba hadi futari, na dele lake liko kazini, halikai kama pambo.

Usinunue seti ya pili kwa ajili ya kuituma nyumbani. Taa za kuchomeka za huku ni za volti 120. Ukizichomeka Moshi au Mombasa kwenye volti 230 hadi 240 zinawaka sekunde moja, kwa nguvu, mara ya mwisho. Kama lazima utume, tuma za USB.