TAHADHARI: Moduli feki za GPS "NEO-M8N", pimeni kabla hamjalipa

Wadau wa elektroniki, hasa nyie mnaotengeneza traka za bodaboda na wale wa droni, kuna muuzaji anajitangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ana NEO-M8N orijino, bei chini kidogo ya Kariakoo, ukilipa anakutumia kwa basi mpaka mkoani. Msinunue kwake. Jina simtaji ila mzigo wenyewe nitauelezea mpaka muutambue.

Stika imeandikwa vizuri tu, u-blox (kampuni inayotengeneza orijino), NEO-M8N, na ule mraba wa vidoti wa kuskani upo, kwa macho huoni tofauti. Ukiiunga kwenye adapta ya USB, TX (pini ya kutuma) kwenda RX (pini ya kupokea), RX kwenda TX, graundi kwa graundi, ukafungua seriali kwa baudi (kasi ya mawasiliano) 9600, sentensi za NMEA (mistari ya maandishi ya lokesheni) zinamwagika kama kawaida, ukitoka nje penye anga wazi lokesheni unapata. Hapo wengi wanaridhika wanamsifia jamaa. Balaa linaanza ukitaka kuiseti. Nilitaka inipe lokesheni mara 5 kwa sekunde na baudi ipande 115200, natuma amri za UBX (lugha ya u-blox wenyewe) kwa u-center (programu yao ya kompyuta), kimya, haikubali haikatai, inaendelea tu na sentensi zake mara moja kwa sekunde.

Kumuuliza muuzaji ananijibu "bosi hujajua kuiseti, wenzako wote zinapiga kazi". Hilo jibu ndo limeniuma kuliko hela, maana kuna madogo wa chuo wako kwenye projekti ya mwisho wanakesha wanabadilisha kodi, wanabadilisha Arduino, wananunua adapta nyingine, wakiamini wao ndo hawajui, kumbe ndani ya hicho kikopo hamna chipu ya u-blox kabisa.

Kipimo ni hiki na hakichukui hata dakika. Tuma kwa heksi (kama baiti, si maandishi) B5 62 0A 04 00 00 0E 34, hiyo ni kuuliza toleo, MON-VER. u-blox yoyote nzima lazima ijibu, na jibu linaanza na B5 62. Hakikisha tu waya wa RX wa moduli umeunganishwa kweli na baudi ni sahihi, maana ukisahau huo waya hata orijino itanyamaza. Halafu chomoa umeme uchomeke tena usome mistari ya mwanzo: orijino inajitaja yenyewe, utaona u-blox na anwani ya tovuti yao. Ya huyu jamaa inaleta $GPTXT yenye ANTENNA OPEN, hiyo ni tabia ya chipu ya Kichina AT6558. Chipu yenyewe si mbaya na ni ya bei rahisi, ubaya ni kuivalisha stika ya mwingine na kuiuza kwa bei ya mwingine.

Kuna na ujanja wa pili, huu mgumu zaidi kuugundua. Chipu ni ya u-blox kweli ila haina flashi (memori isiyofutika umeme ukikatika), na M8N inatakiwa iwe nayo. Hii inajibu UBX vizuri, inakubali kila kitu, unasevu, ukizima na betri ndogo ya bodi ikiisha chaji asubuhi unaikuta imerudi 9600. Angalia lile jibu la MON-VER, M8N halisi kwa kawaida inaandika EXT CORE (programu inatoka kwenye flashi), ukikuta ROM CORE shtuka.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hela mwambie muuzaji aiunge mbele yako au akurekodie video ya u-center ikionyesha MON-VER. Akianza kuzunguka achana naye.

Kama tayari unayo ya AT6558 usiitupe, ila amri zake ni za maandishi: $PCAS02,200*1D inakupa mara 5 kwa sekunde, $PCAS00*01 inasevu, kila mstari umalizie na CR na LF (alama za kufunga mstari). Na mliouziwa na huyo jamaa msifute chati wala meseji za malipo, tunzeni na risiti ya basi, picha ya stika na majibu ya seriali, bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na wakipelekewa malalamiko ya watu kadhaa kwa pamoja ni bora kuliko kila mtu kugombana naye inboksi peke yake.