Makumbusho ya Lincoln County, North Platte, Nebraska, Marekani: madereva wa barabara kuu ya I-80 msipite tu

Kwa wenzangu tunaokula lami I-80 kila wiki, North Platte wengi tunaijua kwa kujaza mafuta na kulala. Mimi miaka mitatu napita hapo sijawahi kuingia mjini. Juzi nimepata masaa ya kupumzika nikaacha trela, nikachukua teksi mpaka Lincoln County Historical Museum, na nawaambieni ukweli machozi yalinitoka.

Nendeni moja kwa moja sehemu ya Canteen, yaani kantini ya stesheni ya treni iliyohudumia askari bure wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Stori yake iko hivi, Desemba 17, 1941, siku kumi tu baada ya Wajapani kushambulia kambi ya Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani, watu wa mji walisikia treni inapita na vijana wao, kikosi cha jeshi kinachoitwa Kampuni D ya Nebraska, wakabeba vyakula na zawadi za Krismasi wakajaa stesheni. Treni kufika, kumbe ni Kampuni D ya Kansas! Watoto wa watu wengine kabisa. Wakawapa hivyohivyo kila kitu. Sasa dada mmoja muuza duka, Rae Wilson, ambaye kaka yake ndo alikua anasubiriwa, akaandika barua kwenye gazeti la pale kwamba jamani hili tuliendeleze, na Desemba 25 wakaanza. Hawakuacha mpaka Aprili 1, 1946.

Treni ilikua inasimama kama dakika 10 tu, injini inaongezwa maji na kupakwa grisi, na hapo askari wanashuka mbio wanakuta kahawa, sandwichi, mayai ya kuchemsha, donati, magazeti ya kusoma, vyote bure. Wakina mama walikua pale kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka treni ya mwisho usiku wa manane. Askari kama milioni 6 walipita, na mji wenyewe ulikua na watu 12,000 na kidogo! Ndo maana miji na vijiji kama 125 vilipokezana zamu, wengine wanatoka mpaka Colorado. Pesa ya serikali hamna, Rais Roosevelt mwenyewe alituma dola 5 basi.

Kilichonimaliza ni keki. Sukari ilikua ya mgao, familia inapata kidogo tu, lakini wamama wanakusanya sukari ya nyumba zao ili kila siku kuwe na keki za bethidei, kijana akisema leo nimezaliwa anakabidhiwa keki nzima anapanda nayo treni. Na kuna mama aliletewa habari kwamba mwanae kauawa vitani, baada ya siku chache akarudi kuhudumia watoto wa wenzake. Hapo nilikaa kitako nikamkumbuka marehemu mama, 1978 vita ya Kagera yeye na majirani zake walikesha wanakaanga maandazi ya kuwapelekea wanajeshi, na hakuna aliyewapiga hata picha.

Stesheni yenyewe msiitafute, ilibomolewa 1973, kwaiyo makumbusho ndo pa kuiona hii historia. Nawapa nyota 5. Tengeni masaa mawili kamili, nendeni na watoto kama mko likizo, ila pigeni simu kwanza maana kipindi cha baridi wanafunga.