Mkanda wa kumsaidia mbwa mzee kutembea: uzoefu wangu

Jimmy ni German Shepherd wa miaka 12 na, kama wengi wa aina yake, nyonga ndizo zilizoanza kumchosha. Asubuhi za Julai hapa Nairobi anachukua muda kusimama, na akishasimama miguu ya nyuma inateleza kwenye vigae. Daktari wa mifugo alimwandikia dawa, akakataza asifungiwe ndani eti apumzike, maana misuli ikilegea viungo ndivyo vinavyoumia. Akashauri matembezi mafupi mara kadhaa kwa siku, si ule mzunguko mrefu wa Jumapili.

Shida ni ngazi. Tunakaa ghorofa ya pili, na mbwa wa kilo 34 habebeki. Tulianza kwa kumpitishia leso kuukuu chini ya tumbo. Inasaidia, ila hujikunja ikawa kamba na kumbana. Ndipo nikanunua mkanda mpana wenye mishikio miwili, bei haikufika shilingi 4,000.

Kwenye ngazi sina neno. Namshikia uzito kidogo tu, miguu yake ifanye kazi. Tukifika chini nauvua, naye anajitembelea polepole kwenye nyasi. Wikendi tunaenda msitu wa Karura, mbwa wanaruhusiwa wakiwa na kamba, tunashika njia tambarare na kugeuza kabla hajaanza kuhema. Akichechemea kesho yake, najua tulizidisha.

Sasa lawama. Jimmy ni dume, na mkanda wa tumboni unakaa palepale anapokojolea! Muuzaji hakugusia hilo hata kidogo. Nimempelekea fundi wa mabegi akaukata upinde na kuushona upya. Mwenye dume atafute ule wenye matundu ya miguu ya nyuma. Halafu sponji ya ndani ikilowa haikauki upesi, na ukimwachia kutwa utamchubua kinena.

Na jamani, vidonge vya maumivu vya binadamu, hasa ibuprofen, visimkaribie mbwa. Vinaweza kumtia vidonda vya tumbo na kumharibia figo.

Nampa muuzaji nyota tatu, mkanda wenyewe nne. Anayeishi nyumba isiyo na ngazi asihangaike nao. Pesa hizo anunue mikeka ya mpira, aitandike pale mbwa anapopenda kupita.