Taa ya sola: uliza kwanza paneli imekaa wapi

Taa niliyomnunulia mama kule Ganze iliwaka miezi mitano tu. Nilipoirudisha dukani nikaambiwa garanti haihusu betri. Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua mbele yangu: betri imevimba kama mahamri.

Mama hakukosea kitu. Taa ile paneli yake imebandikwa mgongoni, kwa hivyo ili ipate chaji ni lazima uianike yote. Kila siku aliiweka juu ya bati tangu saa tatu hadi saa kumi, jua likiipika plastiki nyeusi pamoja na betri iliyo ndani. Betri ya lithiamu adui yake ni joto. Ukiichaji ikiwa moto siku baada ya siku, inachakaa kabla ya wakati wake. Na mvua ikishuka ghafla mama akiwa shambani, taa nzima inaloa.

Wengi mnaniuliza lumeni ngapi, yaani nguvu ya mwanga, na inawaka saa ngapi. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Mimi nataka kujua jambo moja: paneli imeshikana na taa, au ina waya wake?

Chaguo langu la kwanza, wala sifichi, ni Sun King za aina ya Pro. Paneli inakaa juu ya paa, taa inabaki kivulini ndani, na simu unachaji hapo hapo. Kampuni hii iliitwa Greenlight Planet hadi 2022, na kazi yake ilianzia vijiji vya India visivyo na stima. Tangu mwanzo waliuza taa, hawakuzigawa, na hilo nalipenda sana. Taa ya msaada ikizima utamlalamikia nani? Ya kununua una risiti mkononi. Dada yangu wa Kaloleni ana ya kwake mwaka wa nne sasa, na haijawahi kuanikwa hata siku moja.

Ya pili ni d.light S300, ambayo nayo paneli yake imetengana na taa. Sam Goldman alikuwa akijitolea Benin pale mtoto wa jirani yake alipoungua vibaya na taa ya mafuta. Mwaka 2007 yeye na Ned Tozun wakaanzisha d.light. Mama yangu ana kovu la koroboi kwenye mkono wa kushoto, kwa hivyo habari hiyo hunigusa kila ninapoikumbuka. Lakini zile d.light ndogo zenye paneli mgongoni usizipandishe juu ya bati. Zianike kwenye mkeka, chini, mahali penye upepo.

Kuna mitambo ya lipa pole pole, ya balbu kadhaa na redio. M-KOPA walipoanza Kenya mwaka 2012 walituzoesha kulipa shilingi 40 kwa siku kwa M-Pesa, na nyumba nyingi zilizokuwa zikinunua mafuta ya taa kwa kikopo zikapata mwanga. Lakini piga hesabu: 40 mara siku 365 ni 14,600, bado hujahesabu malipo ya kwanza. Ukichelewa, mtambo unajifunga na unalala gizani. Ajenti akikwambia ni pesa ya chai tu, mwambie akuandikie jumla kwenye karatasi.

Zile za kando ya barabara zisizo na jina la kampuni, pita.

Sasa nirudi kwa wenye maduka, maana bado nina uchungu. Taa iliyopitishwa na VeraSol, wapimaji wa ubora wa vifaa vya sola ambao tangu 2020 wanaendeleza upimaji wa Lighting Global, mpango wa Benki ya Dunia, hutakiwa kuwa na garanti ya angalau mwaka mmoja, na betri imo. Kwa hivyo ukiambiwa betri haihusiki, ama taa haikupimwa, ama unadanganywa. Na bei je? Mwaka 2020 serikali iliweka VAT kwenye vifaa vya sola, bei zikapanda wiki hiyo hiyo. Msamaha wa kodi hiyo uliporudi 2021, dukani kwetu hakuna aliyebadilisha hata kibandiko kimoja.

Kabla hujatoka nyumbani, pima kutoka paani hadi pale taa itakapokaa. Mama alipima kwa leso: mbili na nusu. Tulikwenda nayo hadi dukani, tukamwomba muuzaji akunjue waya wote sakafuni, tukaulinganisha.